Bleach: tunayokaririshana na yaliyotokea kweli

Dada yangu alipoona jina la Bleach kwenye laptop yangu mara ya kwanza aliuliza kama ni dokumentari ya mkorogo. Mama yeye akawaza Jik. Nilicheka lakini kiukweli na mimi miaka yote nilikuwa sijui kwa nini anime (katuni ya Kijapani ya TV) ya watu wenye mapanga na majoho meusi imepewa jina la dawa ya kutoa madoa, mpaka nilipokuja kusoma maelezo ya Tite Kubo mwenyewe, yule mwandishi na mchoraji wa manga, yaani ile hadithi ya kuchorwa vitabuni ambayo anime imetokana nayo. Jamaa aliwaza kuiita "Black" kwa sababu ya yale majoho, akaona jina limepooza, akawaza "White", mwisho akaangukia Bleach maana linaleta picha ya weupe. Basi, ndo hivyo tu. Ile stori kwamba maana yake ni kusafisha dhambi za dunia ni mashabiki wameiongezea wenyewe, ni tamu, ila haikuanzia huko.

Na hilo ndo dogo. Kubwa kuliko yote, ambalo mpaka leo nikikaa na watu lazima litajwe, ni hili: "Bleach ilikatwa 2012 watu walivyoichoka, ikaishia njiani."

Njiani wapi sasa? Anime ilianza TV Tokyo tarehe 5 Oktoba 2004, studio ni Pierrot, hao hao wa Naruto, mwongozaji Noriyuki Abe, ikatoka karibu kila wiki mpaka 27 Machi 2012, episodi 366. Miaka saba na nusu! Halafu angalia ilipoishia. Episodi ya mwisho inafunga saga ya Fullbring, na kwenye manga saga hiyo inaishia chapta ya 479. Chapta ya 480, ile inayofungua vita ya mwisho na Quincy (wale wapiga mishale, nitawafikia), ilitoka mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2012. Kwa hiyo siku anime inaaga, vita ya mwisho kwenye manga ilikuwa na umri wa wiki kadhaa tu, hakuna kitu cha kuchora, stoo tupu. Sikatai kwamba hamu ya watu haikuwa ile ya 2005, lakini mtu akisema ilikatwa katikati ya stori muulize katikati ya stori ipi, maana saga zote zilizokuwa zimeshaisha kwenye manga zilikuwa zimeshaonyeshwa.

Ili uelewe ilifikaje hapo inabidi ujue manga na anime ya kila wiki vinavyofukuzana. Kubo alikuwa anatoa chapta moja kwa wiki kwenye jarida la Shonen Jump, kurasa kama 19 hivi. Anime nayo inatoa episodi moja kwa wiki, ila episodi moja inaweza kumeza chapta mbili, wakati mwingine tatu. Ni kama mpishi anapakua sahani moja huku mlaji anamaliza mbili, mlaji atalikuta sufuria tu, hana ujanja. Akishalikuta ana njia tatu: akae asubiri, atafune taratibu mpaka watu wakasirike (zile episodi za kuangaliana machoni dakika tano unazijua), au ajipikie mwenyewe kitu kingine. Pierrot walichagua kujipikia. Hizo ndo fila.

Hapa sasa ndo watu wanambebesha Kubo msalaba usio wake. "Kubo alipoteza mwelekeo kwenye Bount." Kubo hajaandika Bount! Saga ya Soul Society, ile ya kwenye ulimwengu wa roho, inaisha episodi ya 63, halafu kuanzia 64 mpaka 109 ni wale wanyonya roho wa kwenye anime, hawamo kwenye manga, karibu mwaka mzima wa 2006 umeliwa na hicho kitu. Ukisoma manga unatoka Soul Society unaingia kwa Arrancar, maadui wa saga inayofuata, moja kwa moja. Mtu kaacha Bleach episodi ya 80 halafu miaka kumi na kitu anazunguka kuwaambia watu kwamba Kubo hajui kuandika, wakati kitu kilichomchosha hakina hata ukurasa mmoja wa Kubo.

Ila mimi Bount naisamehe, angalau waliiweka kwenye upenyo, saga moja imeisha nyingine haijaanza. Isiyosameheka ni saga ya Amagai. Wengine hamkuwepo, mmekuja kuangalia mnaruka tu, ngoja niwaambie ilivyokuwa. Ichigo, yule kijana shujaa wa stori, katoka kumpiga adui anayeitwa Grimmjow, yuko hoi, damu haijakauka, adui mwingine Nnoitra katokea na lile panga lake kama mwezi, roho iko juu, unasubiri wiki ijayo. Wiki ijayo inafika: kuna kapteni mpya Seireitei, makao ya hao wenye majoho, anaitwa Amagai na kuna binti mdogo wa ukoo mkubwa anatafutwa auawe. Samahani, Nnoitra yuko wapi? Nnoitra subiri. Episodi 22, 168 mpaka 189, ndo tukarudi jangwani kumkuta Ichigo bado kachoka vile vile. Niliapa sitaangalia tena, kiapo kilidumu kama wiki mbili hivi.

Lakini kuna na upande wa pili wa uongo huo huo, "fila zote ni takataka, ruka zote." Hapo nakataa. Saga ya Zanpakuto kuasi, inayoanza episodi ya 230, imebeba wazo ambalo ulikuwa unalitaka bila kujua: mapanga yanapata miili ya watu na kuwageuka wenye nayo. Kumwona panga Senbonzakura na mwenye nalo, kapteni Byakuya, wako upande mmoja huku wengine wote wanapigana na silaha zao, hapo Pierrot walifanya kazi bana. Muramasa, anayeongoza uasi huo, pia ni adui mwenye sababu zake, sio mbaya tu kwa sababu saa ya ubaya imefika. Kwa hiyo ruka Bount ukitaka, ruka Amagai nakuomba kabisa, ile ya mapanga jipe episodi tatu kwanza. Filamu nne za sinema nazo (2006, 2007, 2008 na 2010) hazibadilishi chochote kwenye stori, usiache usingizi kwa ajili yake.

Sasa lile la nyumbani. Mjomba wangu mmoja, mzee wa kanisa, alishawahi kuzima TV kabisa: "mnaangalia mashetani humu ndani." Shikamoo mjomba, marahaba, rimoti imeondoka. Na sio yeye tu, neno shinigami, ndo jina la hao wenye majoho meusi, likitafsiriwa "mungu wa mauti" kila mzazi anaruka, ana haki. Shida iko kwenye tafsiri. Hiyo "gami" ni kami, na kami kwa Wajapani ni neno pana sana, mto unaweza kuwa na kami, mti, jiwe, mzee wa zamani, ukiliweka "mungu" kwa Kiswahili unapata kitu kikubwa kuliko walichokusudia. Halafu wengi wanadhani shinigami ni imani ya kale ya Japani inayoabudiwa mahekaluni, na hapana, hana nafasi hiyo. Mojawapo ya hadithi zilizomfanya ajulikane sana kule ni ya kwenye rakugo, ile sanaa ya mtu mmoja kukaa chini na kusimulia, iliyotungwa na San'yutei Encho enzi za Meiji, na yeye msingi wake aliutoa Ulaya! Kwa hiyo huyo "shetani wa Kijapani" ana damu ya Ulaya kiasi fulani.

Na ukimwangalia shinigami wa Bleach anafanya nini, ni kama mtumishi wa serikali tu. Ana kikosi, vikosi viko 13, ana kapteni, ana makaratasi, ana eneo lake la lindo. Akikuta roho ya marehemu inazurura anaigonga paji la uso na mwisho wa mpini wa panga, kama mhuri kabisa, inaenda Soul Society. Hollow, yale majitu wanayopigana nayo, sio majini waliotoka kuzimu, ni roho za watu waliokufa wakabaki wameng'ang'ania kitu, mume, mtoto, kisasi, mpaka moyo ukapotea, ndo maana wana tundu kifuani na kinyago usoni. Panga la shinigami likimpiga Hollow linamsafisha yale aliyoyafanya akiwa Hollow. Aliyekuwa muuaji tangu akiwa hai ndo anafunguliwa geti la Jehanamu, na hili lilionyeshwa mapema sana, kwenye ile stori ya Chad, rafiki wa Ichigo, na kasuku. Hiyo ndo tofauti iliyozaa ugomvi wao na Quincy: mshale wa Quincy unaifuta roho kabisa, hairudi popote, mizani ya roho kati ya dunia mbili inaharibika. Unaona, adui wa mwisho alikuwa ameshatajwa tangu mwanzo kupitia Uryu, Quincy anayesoma na Ichigo, na stori za ukoo wake, halafu mtu anakwambia "Quincy Kubo kawaokota mwishoni baada ya kuishiwa."

Haya, ya haraka haraka. Ichigo maana yake stroberi? Matamshi ndo yanafanana, utani huo hata Kubo anautumia, lakini jina lake linaandikwa kwa herufi za "moja" na "kulinda". Ichi na go pia ni moja na tano, angalia mlango wa chumba chake una namba 15. Espada, wale wakuu wa Arrancar, wanahesabiwa 1 mpaka 10, mwenye nguvu zote ni Starrk, namba moja? Yammy, namba kumi, akikasirika ile kumi yake inabaki sifuri, na sifuri ndo iko juu. Kwamba alipigwa kirahisi hiyo kesi nyingine, hata mimi iliniuma.

Ila la Aizen, mmoja wa makapteni, siwezi kulipitisha haraka. Kama hujafika huko ruka aya hii. Utasikia "Aizen anaweza kumdanganya yeyote macho wakati wowote, kwa hiyo hakuna kitu cha kweli kwenye Bleach, pengine yote ni ndoto." Tulia kidogo. Panga lake, Kyoka Suigetsu, lina sharti, lazima uwe umeliona likifunguliwa, ukiliona mara moja umekwisha, usipoliona huna shida. Ndo maana Tosen, kapteni mwenzake ambaye haoni, hakuwahi kunaswa. Ndo maana Ichigo alikuwa wa thamani kwenye ile vita ya Karakura, mji wake, makapteni wote walishaonyeshwa miaka mingi nyuma, yeye bado, kazi nzima ya wenzake ikawa kumlinda asilione. Na kuna upenyo mwingine aliokaa Gin, msaidizi wa Aizen, akiutafuta kwa miaka mingi mno, kulishika lile panga kabla halijaanza kazi. Uwezo wenye masharti yaliyotajwa waziwazi namna hiyo halafu mtu anauita uchawi wa mwandishi mvivu, sijui aliangalia huku anachati.

Halafu Thousand-Year Blood War, ile anime mpya ya Bleach. Nimesikia mara nyingi, "sianzi ya zamani, naanzia hii mpya, si wameirudia upya?" Hawajairudia. Hii iliyoanza Oktoba 2022 inaendelea palepale ilipoishia episodi ya 366, chapta ya 480, na haikusubirii. Ukianzia hapo utamwona mzee Yamamoto, kapteni mkuu, anawasha moto na hutajua kwa nini sisi wengine tunalia. (Sauti yake ya zamani, Masaaki Tsukada, alifariki 2014, akaja mwingine. Ichigo bado ni Masakazu Morita yule yule.) Mwongozaji kabadilika, ni Tomohisa Taguchi, muziki bado wa Shiro Sagisu, na haiji kila wiki mwaka mzima, inakuja kwa vipande: 13 mwaka 2022, 13 mwaka 2023, 14 mwaka 2024, kisha kipande cha nne cha kufunga. Yaani mlaji sasa anasubiri chakula kiive. Na saa pia, ya zamani ilirushwa jioni watoto wanaangalia, hii ni usiku sana, ndo maana damu imeongezeka, sio kwamba studio imechanganyikiwa.

Wengine nao wako upande wa pili, "nimeshasoma manga yote, chapta 686, niangalie ya nini." Hawa ndo nawahurumia zaidi. Manga iliisha Agosti 2016 baada ya miaka 15, juzuu 74, na ile miaka ya mwisho Kubo alikuwa mgonjwa, mambo mengi yalipita mbio, mapigano yanaanza leo yanaisha kurasa mbili mbele. Kwenye anime hii yeye mwenyewe anashiriki na vile alivyoviruka vinarudi. Walinzi wa Mfalme wa roho kwenye manga walipita kama upepo, kwenye episodi ya 26 mmoja wao, Senjumaru, anatoa bankai (ile nguvu kubwa kuliko zote ya panga) ambayo haimo kwenye manga kabisa, ule ushonaji wa vitambaa, nilisimama sebuleni peke yangu kama mpira umeingia golini. Na msije mkaniambia hiyo ni fila kama Bount, maana hii imetoka kwa mwenye stori.

Dada yangu wa mkorogo ameanza kuangalia mwezi uliopita. Yuko episodi ya 50, bado anamwombolezea kapteni Aizen, eti alikuwa mpole, miwani ilimkaa, kwa nini wema hufa mapema. Nimemwitikia tu "pole". Kama unamfahamu usimtumie hii.