Kwa Nini Usiiondoe Ndege Njiani Kabla ya Kuripoti

Malalamiko yanaongezeka kutoka kwa wamiliki wa ndege ndogo wanaozuiwa kuondoa ndege njiani, yaani kwenye njia ya kurukia na kutua, baada ya “kugusa chini vibaya kidogo”. Tunaelewa usumbufu huo, lakini tuanze na chanzo cha kugusa chini vibaya, kwa kuwa mara nyingi injini haihusiki.

Rubani anakaribia njia kwa kasi iliyozidi. Mwongozo wa ndege unataka noti 60 (maili za baharini kwa saa), yeye anakuja na 70. Nishati hufuata mraba wa kasi, hivyo imeongezeka kwa zaidi ya theluthi. Ndege inaelea, njia inamalizika, anasukuma pua chini. Gurudumu la mbele, ambalo halikuundwa kupokea mshindo, linatangulia. Ndege inadunda, naye anaufukuza kila mdundo kwa usukani, kila mara akiwa amechelewa, hadi propela inakula lami. Halafu tunaambiwa ni upepo.

Mdundo ukiwa mkubwa, ghairi kutua: nguvu yote ya injini, pua kwenye mkao wa kupanda, kisha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoongeza unyanyuaji) zipandishwe hatua kwa hatua kama mwongozo unavyotaka. Ukizipandisha zote kwa mpigo, ndege itashuka ghafla. Na hapana, kughairi kutua hakukupunguzii chochote kwenye leseni. Uvumi huo tumeuchoka.

Sasa kuhusu utaratibu. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, uharibifu wa muundo wa ndege unaohitaji matengenezo makubwa ni ajali. Ulioishia kwenye propela, ncha za mabawa au matairi kwa kawaida hauhesabiwi hivyo, ila sheria ya nchi yako inaweza kutaka uripotiwe kama tukio. Ndege isisogezwe isipokuwa kuokoa watu, kuzuia moto au kuondoa hatari kwa ndege nyingine. Ikilazimu, piga picha kwanza: alama za matairi, mikwaruzo ya propela kwenye lami, mkao wa flapu na swichi zote. Uchunguzi huu haumtafuti wa kulaumiwa. Kuficha ndiko kunakoweza kuleta faini, kusimamishwa leseni na mvutano na kampuni ya bima.

Propela ikigonga chini, injini isiwashwe tena, hata kama inazunguka vizuri kwa mkono. Ufa kwenye krenkishafti, mhimili wa injini unaozungusha propela, hauonekani kwa nje, hivyo injini ifunguliwe na fundi mwenye leseni kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, na matokeo yaandikwe kwenye kitabu cha injini.