Matone ya ‘kukuza neva’ hayafufui miguu yenye ganzi

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Dar es Salaam, kwamba kumeza matone ya kichochezi cha neva huondoa ganzi ya miguu, na ukizidisha ndiyo bora, si kweli.

Kichochezi hicho, NGF (kifupi cha Kiingereza cha ‘nerve growth factor’, kichochezi cha ukuaji wa neva), ni protini. Ukikimeza, tumbo hukimeng'enya kama yai la kuchemsha. Hata ndani ya mwili, mahali kinapokutana na kipokezi, yaani protini ya seli inayokipokea, ndipo penye uzito. Neva ya kidole cha mguu ina mwili wa seli (sehemu yake kuu yenye kiini) karibu na uti wa mgongo, takriban mita 1 juu. NGF hushika kipokezi kiitwacho TrkA kwenye ncha ya neva. Vyote viwili huingizwa kwenye kifuko kinachokokotwa hadi juu, ishara ikiwa bado hai. Ishara hiyo huisaidia seli kuishi. Ile inayobaki nchani huchochea tawi la neva kukua. Kipokezi kingine, p75, chaweza hata kuiua seli. Na NGF ya sindano imewahi kuwaletea watu maumivu.

Watu huchanganywa na picha za maabara: seli za neva zilizolowekwa kwenye NGF katika sahani kweli huchipua.

Geuza chupa, soma kiambato, kiasi na namba ya usajili, kisha muulize mfamasia. Mwenye ganzi akapime sukari na vitamini B12. Ujumbe huo usiusambaze.