Si kweli kwamba vitabu vyote vya anthropolojia vimo kwenye rafu moja

Mwanafunzi anayetafiti Wachagga huelekezwa kwenye rafu ya GN, na asipokuta kitu huamua kwamba hakuna kilichoandikwa. Utafiti mzuri hufa mapema namna hii.

Katika mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaopanga vitabu kwa alama za herufi, GN ni anthropolojia ya jumla: nadharia, mbinu, ukoo na ndoa. Vitabu kuhusu jamii moja ya Tanzania vingi huwa DT, pamoja na historia ya Afrika. Ngano ziko GR, mila GT, lugha PL, sheria K. Maktaba inayotumia Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, itakupeleka 305.8, 306, 390, 398 au 967.8.

Kikwazo kikubwa zaidi ni tahajia. Katalogi husoma herufi, haisomi nia yako. Vichwa vya mada vya Kiingereza, yaani maneno ambayo maktaba hutumia kutaja kitabu kinahusu nini, huacha kiambishi Wa-, kwa hiyo andika "Chaga", kisha "Chagga", kisha "Dschagga". Hiyo ya mwisho ni ya Kijerumani. Bila hiyo utaikosa Das Recht der Dschagga, kazi ya mmisionari Bruno Gutmann ya 1926 kuhusu sheria za Wachagga. Jaribu pia "Tanganyika", maana kabla ya 1964 jina Tanzania halikuwapo.

Ukipata kitabu kimoja kinachofaa, fungua rekodi yake kamili, bonyeza kichwa cha mada, kisha nenda rafuni ukague majirani zake kushoto na kulia. Makala za majarida mara nyingi hazimo kwenye katalogi: tafuta jina la jarida lenyewe, kisha upekue faharasa yake.