Mvua haiunguzi viazi

Kule Kabale na Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, shamba la viazi likigeuka jeusi baada ya siku chache za mvua na baridi, wengi husema mvua imeyaunguza majani. Sivyo. Kinachoua ni kimelea, Phytophthora infestans. Unyevu hukifungulia mlango tu. Geuza jani asubuhi na mapema: ule utando mweupe pembezoni mwa doa ndicho chenyewe, kikitawanya vijimbegu vyake kwa upepo.

Inauma kuona mkulima akiilaumu mvua, kwa sababu viazi vinaweza kuwa na kinga dhidi ya kimelea hiki, itokanayo na jeni zao. Ila kinga ya jeni moja haidumu, kwa kuwa kimelea hubadilika upesi. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kachwekano, Uganda, walijaribu Victoria, aina inayopendwa na wakulima, ikiwa imetiwa jeni tatu za viazi mwitu kutoka Amerika. Kuzishinda zote tatu kwa pamoja ni vigumu zaidi.