Mbwa akizidiwa usiku: maswali na majibu kwa wafugaji wa Mombasa

Nianze na nini kabla shida haijatokea?

Simu na usafiri. Sanduku laweza kujaa bandeji lakini ikiwa ni saa nane usiku na hujui utampigia nani wala utambeba mbwa na nini, basi. Tafuta madaktari wawili wa mifugo, muulize kila mmoja kama anashika simu usiku, namba zibandike jikoni na askari wa geti pia mpe manake yeye ndiye yuko macho. Wenye tuktuk wengi hawataki mbwa, ongea na mmoja sasa hivi mkubaliane. Na kama wakaa Likoni na daktari yuko Nyali, hesabu na feri.

Na vifaa je?

Gozi, bandeji, plasta, glavu, taulo, themometa ya mbwa peke yake (hupimwa nyuma chini ya mkia, joto lake la kawaida ni kama 38.3 hadi 39.2), na leso nzito ya kumbeba watu wawili. Weka na kadi ya chanjo. Kitambaa cha kumfunga mdomo pia, mbwa mpole vipi akiwa na uchungu huuma, ila usimfunge akiwa anatapika ama anapumua kwa shida.

Anahema sana, anayumba, mate yamekuwa mazito?

Hilo ni joto, na wakati wa kaskazi ndio hatari zaidi. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, sasa hewa yetu ya pwani ikiwa na unyevu mwingi huko kuhema hakumsaidii sana, na wale wa pua fupi ndio huumia kabisa. Mtoe juani, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mwashie feni, maji ya kunywa mpe kidogo kidogo kama anameza. Usimfunike taulo mbichi ukaiacha hapo manake yafungia joto ndani. Joto lake likishuka hadi kama 39.4 wacha kummwagia, umpeleke kwa daktari hata kama amesimama anatingisha mkia, viungo vya ndani huenda vimeumia.

Amekula sumu ya panya, nimpe maziwa?

Usimpe, wala mafuta, wala chumvi! Naomba sana hili tuliache, mafuta huweza kuingia mapafuni na chumvi nyingi yenyewe ni sumu. Chukua pakiti ya ile sumu uende nayo kwa daktari, kuna aina zinazuia damu kuganda, mbwa acheza vizuri siku kadhaa halafu ndio aanza kuvuja damu, kwa hivyo usingoje dalili. Akitetemeka usimtie chochote mdomoni.

Panadol ya kutuliza maumivu?

Hapana. Brufen pia hapana, yaharibu tumbo na figo.

Damu haikomi?

Kandamiza kwa gozi dakika 5 bila kuchungulia, ikilowa ongeza ingine juu yake.

Na akiniuma mimi nikimsaidia?

Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mbwa wako na amechanjwa, na ile kadi yake nenda nayo daktari aione kabla hajaamua sindano za kichaa cha mbwa.