Mbunge wa Arusha na mbunge wa jimbo lako

Wananchi wengi wakikutana na mbunge wa Afrika Mashariki humwomba awasemee bungeni, wakiamini anaingia katika bunge la nchi yao. Haingii. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inalitaka bunge la kila nchi mwanachama lichague watu 9 wa kwenda Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, nao wasiwe miongoni mwa wabunge wake. Aliyechaguliwa hana kiti wala kura katika bunge lililompeleka.

Na ni lazima achaguliwe kweli. Mwaka 2007, katika shauri la mwanasiasa wa Kenya Anyang' Nyong'o na wenzake, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba Bunge la Kenya halikufanya uchaguzi unaotakiwa na Ibara hiyo.

Kutenganisha kofia hizi mbili, ya ubunge wa nchi na ya ubunge wa Afrika Mashariki, kulimpa mbunge wa Arusha muda wa kushughulikia mambo ya Jumuiya, lakini kulimweka mbali na nyumbani. Chukua sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari barabarani, inayoweka kikomo cha tani 56. Muswada wa namna hiyo hupitishwa Arusha, kisha husubiri kuridhiwa na wakuu wa nchi wote. Ukishakuwa sheria, unahitaji mizani, watumishi na fedha, na fedha hizo hupitishwa na bunge la nchi. Mbunge wa jimbo anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza siku ya bajeti ana haki ya kuhoji, na mara nyingi utekelezaji hukwama hapo.

Njia ya kuzuia hali hiyo imo katika Mkataba wenyewe. Ibara ya 65 inamtaka Katibu wa Bunge la Afrika Mashariki apeleke kumbukumbu za mijadala kwa makatibu wa mabunge ya nchi, na waziri wa masuala ya Jumuiya aziwasilishe mezani. Makatibu wa nchi nao hupeleka za kwao Arusha. Tatizo ni kwamba karatasi kuwekwa mezani si kujadiliwa.

Maspika hukutana, na wabunge hushindana katika michezo yao ya pamoja. Siipuuzi, maana watu wanaofahamiana hupigiana simu. Ila kwa maoni yangu, kinachohitajika zaidi ni kamati ya bunge la nchi kuketi na wabunge 9 wa nchi hiyo muswada ukiwa bado mikononi mwa kamati kule Arusha, wakati kifungu bado kinaweza kubadilishwa.