Nyonga Ikivunjika: Msumari au Pleti?

Mzee akiteleza bafuni na nyonga ikavunjika, ndugu zake huuliza: kati ya msumari na pleti, chuma kipi cha kushikilia mfupa ni imara zaidi? Wengine huanza na bei, na hawana kosa, maana kwa kawaida msumari ni ghali zaidi.

Jibu hutegemea ufa umepita wapi. Ukipita shingoni mwa fupa la paja, damu inayolisha kichwa cha mfupa huweza kukatika. Mzee ambaye vipande vyake vimeachana, kwa kawaida sisi wapasuaji hatuhangaiki kumuunga. Tunatoa kichwa na kuweka cha bandia ili asimame mapema. Ufa ukipita chini ya shingo, kwenye matuta mawili ya juu ya paja, damu ipo ya kutosha na mfupa huunga vizuri. Hapo ndipo msumari na pleti hushindanishwa.

Pleti hulazwa ubavuni mwa mfupa, ikiwa na skrubu nene inayopenya shingo hadi kichwani. Skrubu hiyo imeundwa iteleze ndani ya mrija wake, ili mgonjwa akikanyaga vipande vibanane. Msumari huingia katika uwazi wa ndani ya mfupa, karibu zaidi na njia ambayo uzito wa mwili hupitia, kwa hiyo haupindwi sana kama pleti. Tofauti hiyo ni kubwa ukikumbuka kwamba kutembea tu hukandamiza kiungo cha nyonga kwa zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anaibebesha zaidi ya kilo 120 kila hatua, na akijikwaa mzigo hupanda zaidi.

Maabarani, mifupa ya bandia au ya maiti hufungwa vyuma hivi na kukandamizwa na mashine maelfu ya mara. Ufa ukiwa umelala kinyume cha kawaida, yaani ukishuka kutoka upande wa ndani wa paja kwenda nje, ukuta wa nje wa paja ukiwa umepasuka, au mfupa ukiwa umevunjika chini ya matuta, msumari ndio huhimili zaidi. Lakini mfupa wa maabara hauungi. Kwa mgonjwa, mfupa hupokea mzigo kidogo kidogo kadiri wiki zinavyopita, na kwa mvunjiko uliotulia wa vipande viwili, yaani ambao vipande vikirudishwa hukaa mahali pake, pleti hutosha kabisa. Sioni sababu ya familia kuuza shamba kwa ajili ya msumari hapo.

Mara nyingi kinachoshindwa si chuma. Mfupa wa uzeeni ni laini, na skrubu iliyokaa vibaya hutoboa kichwa cha paja huku yenyewe ikiwa nzima. Mwaka 1995 daktari wa mifupa Baumgaertner na wenzake, Marekani, walipima umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa kwenye picha mbili za eksirei, ya mbele na ya ubavuni, wakajumlisha. Katika wagonjwa wao, hakuna skrubu hata moja yenye jumla ya milimita 25 au pungufu iliyotoboa. Kipimo hicho bado tunakitumia, iwe ni msumari au pleti.

Basi muulize daktari wako kama mvunjiko umetulia, na picha za baada ya upasuaji zinaonyesha jumla hiyo ni milimita ngapi. Maumivu ya kinena yakirudi baada ya kupoa, au mguu ukianza kuwa mfupi, rudi upigwe eksirei bila kusubiri tarehe ya kliniki.